Zimamoto wakibisha hodi pasipo moto

Shangazi yangu alianguka msalani saa nane za usiku, wakati wa masika, umeme umekatika. Ana miaka 76 na anaishi Mtoni kwa Azizi Ali, Dar es Salaam, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Vyumba vya mbele amepangisha, yeye analala chumba cha nyuma. Alikaa pale chini, kwenye sakafu iliyolowa, mpaka alfajiri, mpangaji mmoja alipotoka kwenda kutia udhu akasikia mtu anaita kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusumbua. Hakuvunjika. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, akapigwa picha, akapewa vidonge vya maumivu, na saa saba mchana tulikuwa tumesharudi.

Ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja.

Kila niliyemsimulia aliniuliza kama amevunjika. Nikisema hapana, anasema alhamdulillahi, tunahamia habari nyingine. Hata mimi, niliyelelewa na mama huyu kuanzia darasa la nne mpaka la saba, niliridhika na hiyo alhamdulillahi. Hospitali waliangalia nyonga, wakaangalia mkono. Hakuna aliyeuliza mtu mzima kama huyu anafuata nini msalani saa nane za usiku, na kwa nini mara zote tatu ilikuwa ni saa hizo hizo.

Swali hilo lilinifikia kwa simu, kutoka mbali. Mdogo wangu anaishi Kent, mji ulio kusini mwa Seattle, jimbo la Washington, Marekani. Alinisikiliza kimya, halafu akasema: "Dada, huku mzee akianguka namna hiyo wanakuja zimamoto kumwinua. Halafu baadaye wanarudi, bila gari kubwa, kumuuliza kwa nini anaanguka."

Hilo neno "wanarudi" lilinikaa kifuani siku nzima.

Nikaanza kusoma. Marekani mtu akipiga 911, namba yao ya dharura, mara nyingi gari la zimamoto ndilo linalotangulia kufika, hata kama shida ni kifua kinachobana au sukari iliyoshuka. Karibu theluthi mbili ya wito unaopokelewa na vikosi vya zimamoto vya nchi ile ni wa wagonjwa na majeruhi. Moto wenyewe ni sehemu ndogo sana. Askari wakaanza kugundua kwamba wanaingia nyumba zile zile. Bibi yule yule yuko chini ya kitanda, mzee yule yule ameishiwa pumzi kwa sababu hana wa kumfuatia dawa. Kila safari ni lori zima, askari wanne, king'ora, kitanda cha hospitali, kisha mwezi unaofuata tena.

Ndipo wengine wakaamua kubadili safari yenyewe. Colorado Springs walianza mpango wao mwaka 2012. Kikosi kinachohudumia Kent nacho kina mpango unaoitwa FDCARES, na mwaka 2013 jimbo la Washington likatunga sheria inayoruhusu vikosi vya zimamoto kufanya kazi ya namna hiyo: kumtembelea mtu, kumfundisha, kumuunganisha na huduma anayoihitaji. Seattle wenyewe wakaanzisha kikundi kinachoitwa Health One Novemba 2019, ambamo askari wawili wa zimamoto wanatembea na mtu mmoja wa ustawi wa jamii. Wanakwenda kwa waliopiga simu ya dharura ilhali shida yao si ya kukimbizwa hospitali. Mmoja hana pa kulala, mwingine ana kidonda kinachotaka kusafishwa, mwingine hana mtu wa kuzungumza naye tangu Jumapili.

Uingereza walifika hapo hapo kwa njia nyingine. Wao walikuwa wakizunguka majumbani kufunga kengele za moshi na kuangalia majiko. Wakaona kwamba mtu aliye katika hatari kubwa ya kufia motoni ndani ya nyumba yake ndiye huyo huyo aliye katika hatari ya kuanguka, kupatwa na baridi na kusahauliwa. Ni mzee, anaishi peke yake, hatembei vizuri, pengine anavuta sigara kitandani. Kwa hiyo askari aliyeingia kwa ajili ya kengele ya moshi akaanza pia kuuliza kuhusu macho, miguu, dawa na upweke. Sir Ken Knight, aliyekuwa mshauri mkuu wa serikali katika masuala ya zimamoto, aliandika mwaka 2013 kwamba matukio yanayowaita zimamoto England yalikuwa yamepungua kwa asilimia 40 ndani ya miaka kumi. Sababu ni nyingi, na sidai kwamba ziara za majumbani ndizo zilizofanya yote. Ninachokiona ni kwamba moto ulipopungua, hawakukaa kituoni kuusubiri.

Na Tokyo, ambako zimamoto ndio wenye magari ya wagonjwa, waliweka mwaka 2007 namba ya pili, 7119, kwa mtu asiyejua kama hali yake inastahili kupigiwa 119, namba yao ya dharura. Mtu aliye njia panda anajibiwa na mtaalamu, anaambiwa aende hospitali sasa hivi au asubiri asubuhi. Nilipoisoma hiyo niliwaza usiku wa saa nane kule Mtoni.

Sasa turudi nyumbani. Dar es Salaam neno lenyewe ni kituo cha basi: "Fire", pale Barabara ya Morogoro, kila abiria wa mwendokasi anapajua. Lakini mwambie mtu aeleze zimamoto wanafanya nini, atakwambia mambo mawili. La kwanza ni kuzima moto. La pili, ikiwa ana duka au gesti, ni ukaguzi na tozo yake. Jina kamili la jeshi hilo ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa sheria ya mwaka 2007. Kabla ya hapo vikosi vilikuwa vya majiji na halmashauri. Namba yao ya dharura ni 114. Hilo neno la mwisho katika jina, uokoaji, sisi raia tunalisahau mpaka siku kama ile ya tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, nchi nzima ikawa inawatazama waokoaji wakifukua zege na kuzungumza na walionasa chini.

Jirani yangu mmoja ni askari mstaafu wa zimamoto. Sisi sote mtaani tunamwita Afande, hata watoto. Jioni hukaa kwenye kahawa karibu na msikiti, na siku moja nikamfuata na habari zangu za Kent na Seattle.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba binti. Leo una jambo."

Nikamweleza. Nilitegemea aniambie hayo ni mambo ya Ulaya. Akaweka kikombe chini.

"Unajua nimeitwa kwa moto mara chache kuliko unavyodhani? Mtu katumbukia kisimani. Shimo la choo limetitia na mtu ndani. Nyuki. Mtoto kajifungia chumbani, mama yuko nje analia. Mzee hafungui mlango siku ya pili na majirani wanaogopa kuuvunja." Akanyamaza kidogo. "Huyo wa mwisho ndiye anayeumiza. Ukishavunja ule mlango unakuta kila kitu kilionekana tangu mwezi uliopita. Ndani hamna chakula. Dawa ziko mezani hazijaguswa. Sisi tumefika siku ile ile ambayo hakuna tena la kufanya."

Nikamuuliza, kama angetumwa kwenda kabla ya siku hiyo, angekwenda?

"Kwa miguu," akasema.

Nimefikiri sana kwa nini iwe zimamoto, kwa sababu mtu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba kazi hii ina wenyewe. Wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Yupo mjumbe, yupo mwenyekiti wa mtaa, yupo afisa ustawi wa jamii. Wote hao ninawataka. Lakini zimamoto wana jicho ambalo wengine hawana. Mhudumu wa afya akiingia chumbani kwa shangazi ataona mgonjwa wa presha. Afande akiingia ataona mgonjwa wa presha anayelala nyuma ya dirisha la nondo, na mtungi wa gesi ukiwa kati yake na mlango. Katika nyumba zetu magonjwa na hatari za moto yanaishi chumba kimoja. Nyaya zimeunganishwa na kishoka kwa sababu ni rahisi, jiko la mkaa linaingizwa ndani mvua ikinyesha, mshumaa unawekwa juu ya kopo umeme ukikatika, na mzee asiyeona vizuri ndiye anayeuwasha.

Kuna sababu nyingine, nayo kwangu ni nzito zaidi. Lawama ya mtaani tangu nikiwa mtoto ni kwamba gari la zimamoto limefika halina maji. Afande alinifanyia hesabu kwa kijiti chini. Gari lenye lita 5,000, likimwaga lita 500 kwa dakika, linakauka kwa dakika kumi. Limefika na maji. Yameisha watu wakiwa bado wanakusanyika, na wa mwisho kufika wanakuta mpira mkavu. Baada ya hapo kila kitu kinategemea kama dereva anajua maji mengine yako wapi na njia ipi inapitika. Katika jiji la watu 5,383,728, kwa sensa ya 2022, sehemu kubwa tukiishi kwenye mitaa iliyojengwa nyumba kwanza na barabara baadaye, hicho ndicho kitu ambacho hakuna ramani inayokitosheleza. Huwezi kukijifunza usiku wa moto. Unakijifunza mchana, kwa miguu, ukiwa umekwenda kwa jambo lingine.

Ndiyo maana nasema askari anayemtembelea mzee wa watu Jumatano asubuhi hajaacha kazi yake ya moto. Yuko ndani yake. Anajua sasa kwamba uchochoro wa kwa fundi cherehani umezibwa na ukuta mpya, na kwamba kwenye ile nyumba ya kijani kuna mtu asiyeweza kutoka mwenyewe.

Yapo mambo magumu na sitaki kuyapita. Sare ya zimamoto mlangoni, kwa watu wengi wa jiji hili, maana yake ni ukaguzi, na ukaguzi maana yake ni malipo. Mama muuza chapati akimwona askari anakuja anafunga mlango wa uani. Ziara ya namna hii lazima itengwe kabisa na kazi ya tozo, siku nyingine, watu wengine ikibidi, na aanze kupita mjumbe anayejulikana. Pili, askari ni wachache na wito hausubiri. Kwingineko wanatumia gari dogo na redio, ili kikosi cha moto kibaki kamili kituoni. Kwetu pikipiki ingetosha. Tatu, askari asifanywe daktari. Anatakiwa ajue kuuliza, kuandika na kumpeleka mtu panapohusika. Akianza kugawa dawa tumeharibu.

Na tusiseme haiwezekani hapa. Mpango wa m-mama, wenye namba 115, umeonyesha kwamba mama mjamzito anaweza kufikishwa hospitali na dereva wa kawaida aliyesajiliwa, gari la wagonjwa likikosekana, na dereva akalipwa. Mtu aliyebuni hilo alitazama kilichopo barabarani na kukiuliza kama kinaweza kazi nyingine. Wastaafu kama Afande wapo mitaani, wana nguvu, wanajua kazi, na jioni wako kwenye kahawa.

Jumamosi moja nikamwomba anisindikize kwa shangazi. Hakuna ofisi iliyotutuma. Tulikwenda na dada mmoja mhudumu wa afya wa mtaa ule, ambaye shangazi anamfahamu tangu chanjo za wajukuu.

"Hodi hodi!"

"Karibuni, piteni."

"Shikamoo mama," Afande akasema, akiinama kidogo mlangoni.

"Marahaba baba. Kuna nini tena?"

"Hamna kitu. Nimekuja kukusalimia, na kuangalia nyumba yako kama utaniruhusu."

Alikaa kwanza. Alikunywa chai yote na kula kitumbua, akauliza kuhusu marehemu, kwao ni wapi, watoto wako wapi. Niliona anatazama huku anaongea: dari, soketi, mlango. Baada ya kama nusu saa akauliza, kwa sauti ile ile ya kupiga soga, "Usiku unaamka mara ngapi, mama?"

"Mara nne. Tano."

"Na dawa za presha unameza saa ngapi?"

"Baada ya Isha. Nisisahau."

Yule dada akaomba kuziona. Katika mfuko wa nailoni zilikuwa aina mbili, na moja ilikuwa ni dawa ya kukojosha. Alituangalia, akasema hawezi kubadilisha chochote yeye, lakini Jumatatu atampeleka zahanati. Jumatatu tabibu akahamishia dawa ile asubuhi. Ni hilo tu. Mara tatu tulikuwa tumelipia bajaji na picha za mifupa, na jibu lilikuwa kwenye saa ya kumeza kidonge. Siku hizi anaamka mara moja, wakati mwingine hata hiyo hapana. Nililia niliposikia, na sikuwa nalia kwa furaha peke yake.

Afande alikuwa na lake. Mlango wa uani una geti la chuma, na shangazi hulifunga kwa kufuli kila usiku, kwa sababu ya wezi. Akamuuliza ufunguo uko wapi. Shangazi akafungua pindo la kanga, akautoa.

"Na ukianguka huko ndani, nani atafungua?"

Shangazi hakujibu. Aliutazama ufunguo kiganjani kwa muda mrefu. Tukapigilia msumari ndani ya chumba cha mpangaji wa mbele, mama mwenye watoto wawili, tukachonga ufunguo wa pili ukatundikwa hapo. Mtungi wa gesi tukausogeza karibu na dirisha, mbali na mlango. Waya wa ekstensheni uliokuwa chini ya mkeka, umeanza kuyeyuka sehemu moja, Afande aliuchomoa na kuondoka nao kabisa. Msalani tukafunga taa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika, na bomba la chuma ukutani la kushikia. Vyote havikufika elfu sitini.

Tulipoaga nilidhani tumemaliza. Afande akabaki kizingitini, akatoa daftari dogo la shule mfukoni. Akaanza kutembea kutoka mlango wa shangazi kurudi barabarani, hatua ndefu zinazolingana, anahesabu kwa midomo. Tukamfuata. Akapita kona ya kwanza, akapima upana wa uchochoro kwa mikono aliyoinyoosha, akapita kisima cha jirani, akafunua kifuniko na kuchungulia maji yalipo, akafika mpaka kwenye duka la mangi ambapo gari lingelazimika kusimama. Hapo akaandika. Nikaomba nione.

"Mita 90 kutoka dukani. Mipira minne, tuchukue mitano. Kisima upande wa kulia, kina maji. Kona ya pili nyembamba, machela ipite kwa ubavu. Mama mmoja, chumba cha nyuma, sikio la kushoto halisikii. Aitwe kwa jina kabla ya kuguswa. Ufunguo kwa mpangaji, mlango wa mbele, msumari wa kulia."

Akauliza nyumba inayofuata ni ya nani.